Mwalimu Otilia Kapinga na Vigari Vinavyojua Kusimama

Baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha, Mwalimu Otilia Kapinga anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2006. Karakana ya elektroniki ya chuo chetu itabaki palepale. Sisi wa useremala, jirani zake wa ukuta mmoja, ndio tutakaoikosa harufu ya risasi yake ya kulehemu nyaya ikiyeyuka, na hatujui sasa tutamtania nani.

Alikuja kutoka kijiji cha Mapera mwaka 1979 kufundisha ufundi redio. Biashara ya nje ilipofunguliwa, redio za bei rahisi zikajaa sokoni Mbinga na mafundi aliowafundisha wakakosa kazi. Mwenzetu hakukaa kulia. Alikusanya mota za redio kaseti mbovu, akaagiza chipu Dar es Salaam, akaomba kompyuta iliyochoka, na wanafunzi wakaanza kuunda vigari vinavyojiendesha kwa kufuata mstari mweupe sakafuni.

Alifundisha kama tunavyolima ngoro, yale mashimo ya mlimani. Mmatengo halimi mlima kwa mkupuo; huchimba shimo moja, akaliweka sawa, ndipo ahamie la pili. Wanafunzi wake nao waliandika amri moja, wakaijaribu, ndipo waongeze nyingine. Na amri ya kwanza haikuwa kwenda, ilikuwa kusimama: kigari kikipoteza mstari, kitulie. Vijana wa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, na haraka zao walinung'unika sana.

Mwaka 2001 bodi ya chuo ilitaka kufunga kozi ili chumba kikodishwe kwa mnunuzi wa kahawa. Mwalimu akapewa nafasi moja tu ya kuwaonyesha wajumbe kazi yake, pale barazani. Chokaa ilikuwa imekwisha, akachora mstari kwa unga wa mahindi. Wageni wakinywa chai, kuku wa mkuu wa chuo nao wakapata yao. Kigari kilikwenda vizuri, kikafika palipodonolewa, kikasimama tuli. Wajumbe wakaguna. Mimi nilifumba macho.

"Waheshimiwa, njia imeliwa," alisema kwa upole. "Mlitaka kiwagonge?"

Mwenyekiti, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, alitazama miguu yake, akacheka hadi akatoa leso. Kozi ikapona.

Wiki iliyopita Mwalimu Otilia alikaa benchi la nyuma, akimtazama Mwalimu Luisa Komba, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akifundisha. Kigari cha binti mmoja kikagoma. Mwalimu Otilia aliinuka, akasita, akaketi tena na kuikalia mikono yake. Binti akafuta, akaandika upya, kikaenda. Kengele ilipolia, Mwalimu Otilia alimkabidhi Luisa funguo za karakana, machozi yakimlengalenga. Yetu pia.

Asante sana, dada yetu. Tunakuombea afya, kahawa inayozaa na asubuhi zisizo na kengele. Karakana ni kwako siku zote, ila kuanzia kesho upige hodi kama sisi.