Mtoto Nilimwogesha Nusu

Jamani, salamu zenu nimezipokea. Na mnaoona haya kunitazama, nitazameni tu, nishazoea.

Mimi ni mpishi wa mahamri hapa Msambweni. Pikipiki ilinigonga, nikapigiza kichwa. Kidonda kikapona, kumbe ubongo umeumia. Macho mazima, lakini kitu kilicho kushoto kwangu sikioni, na sijui kwamba sikioni. Nala nusu sahani, nalalamika njaa. Siku moja nikamwogesha binti yangu upande mmoja tu, wa pili sabuni ikamkaukia. Wifi yangu, badala ya kumsuuza mtoto, akaita majirani. Astaghfirullah! Wanawake wazima wanacheka, mtoto analia macho yanamuwasha! Nikikumbuka hadi leo natema mate.

Wakasema nina pepo. Nikafukizwa manyoya ya kuku hadi nikatapika. Mtoto akapelekwa Kikoneni kwa nyanyake. "Kichaa haachiwi mtoto," wifi akasema mbele yangu, kama kwamba mimi ni jiko. Kinyaa kilichonishika siku ile, ndugu zangu, sina la kukifananisha nacho.

Mume wangu akanipeleka hospitali, wifi naye akafuata. Pale kulikuwa na wanasaikolojia wanaofundishwa kupima walioumia ubongo. Mmoja, msichana, akaniamkia shikamoo, akauliza, "Mama, leo siku gani?" Wifi akajibu, "Ijumaa." "Una watoto wangapi?" Wifi tena, "Mmoja." Nawaambia, si ndiyo tabia yetu? Mgonjwa husemewa, eti ndiyo heshima! Na yule msichana anaandika tu. Kisha akanipa penseli nichore ua. Mimi penseli nimeishika lini? Nikachora uchafu, naye akatikisa kichwa.

Mwalimu wake, mama mkali, akamuuliza, "Unampima huyu au wifi yake?" Wifi akatolewa nje. Nikaulizwa mimi kazi yangu.

Kesho yake nikawekewa mezani unga, hamira, iliki na tui. Nikaanza kukanda. Tui silioni. Nikafoka, "Mmeniibia tui!" Msichana akanigeuza kichwa taratibu kushoto. Bakuli lilikuwa hapo hapo, karibu na kiwiko changu. Nikalia kwa sauti. Si pepo, si wazimu.

Akanifungia kitambaa chekundu kushoto mwa sinia. Sharti nisikande kabla sijakiona. Miezi na miezi. Nilimtukana, akarudi. Mwisho mume wangu akamleta mtoto, nikamwogesha huku baba yake akitazama, mbele na nyuma, kushoto na kulia, povu lote likatoka. Hakurudishwa Kikoneni tena.

Namshukuru Mungu, na yule mwalimu, na yule msichana aliyekubali kukosolewa mbele yangu. Nanyi mnaouguza, mgonjwa akiulizwa, fungeni midomo yenu!

Juzi sokoni jirani mmoja, katika wale waliocheka, alimuinamia binti yangu, akamuuliza, "Mamako amepona?"

Mtoto akamwambia, "Si huyu hapa? Muulize mwenyewe."