Shela la Magomeni na Ua Linalokosekana

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Irine, sisi wadogo tunakuamkia shikamoo. Mama zetu walioketi nyuma wanaisubiri ya kwako.

KARIBU NYUMBANI
Umetoka Mikumi kuja kwetu Magomeni ya Kilosa, jamani, furaha tuliyo nayo! Hata barabara tumeimwagia maji vumbi lisikuguse.

TULIKOTOKA
Kikundi chetu kilianza na shela moja la lesi. Alilidarizi bibi wa Bi. Costancia, fundi wetu mkongwe, sisi hatujazaliwa. Kila bibi harusi wa mtaa huu, wa kanisani na wa msikitini, huolewa nalo bure. Sharti ni kwamba akilirudisha, anakaa chini na kudarizi ua lake ukingoni. Maua mengine yamekaa kama vitumbua vilivyoungua, lakini hakuna linalofumuliwa.

MAFANIKIO
Tunauza vitambaa vya makochi, mitandio na kola za lesi. Tumempata pia Resiato, mwenzetu kutoka kwa wafugaji, anayetia shanga kwenye lesi. Siku ya kwanza alivuta uzi kana kwamba anashona ngozi, kola ikakunjamana yote. Tulicheka mpaka machozi, na yeye akiwemo. Leo kola zake zinagombaniwa.

CHANGAMOTO
Tunashonea barazani. Mawingu yakitanda, kazi inasimama. Fundo la zamani la lesi analijua Bi. Costancia peke yake, na macho yake yanafifia. Penye mwanga mzuri bado anaona, ila hapa barazani anapapasa. Mheshimiwa, tusikufiche, tunaogopa.

OMBI
Ofisi ya kata ina chumba chenye madirisha mawili, kimejaa viti vibovu. Viti tutavitoa wenyewe, hata leo. Tunaomba utusemee tupewe ufunguo tu.

Kuna jambo lingine, usituchukie. Wewe uliolewa na shela hili, ukahamia Mikumi, ukalirudisha kwa mkono wa dada yako. Ua lako halipo, mheshimiwa! Nafasi yake ipo wazi, hakuna aliyeigusa. Tulitaka ulidarizi leo, Bi. Costancia akakataa katakata. Amesema, "Irine nitamfundisha mwenyewe, dirishani, nikiwa bado namwona."

Sindano tumeshaitia uzi. Mwenyezi Mungu akujalie afya, akulinde njiani, na siku hiyo akupe mkono usiotetemeka.

Ni sisi wanao, dada zako na mama zako,
Kikundi cha Kudarizi Shela, Magomeni, Kilosa.
Msomaji: Editha