Feni ya Mtoto wa Ojok

Kule Luzira, kwenye barabara inayoteremka kwenda Port Bell, Bisimwa Mkongomani anauza kahawa, na mbele ya sigiri yake kuna benchi lisilokosa watu. Wanamwita Volti, kwa kuwa zamani alitengeneza redio huko kwao Bukavu. Wa kwanza kufika benchini kila siku ni Sajenti Oola, mwanajeshi mstaafu, mtu ambaye hajawahi kuulizwa jambo akakosa jibu. Jumapili hiyo mchana, jua likichoma kwelikweli, akatokea Ojok, askari polisi anayekaa vyumba vya nyuma, feni ya mezani kwapani na karai la maji ya sabuni mkononi.

— Afande, unahama? Volti akamuuliza.

— Naisafisha tu. Mama mtoto anasema inawapulizia vumbi. Mtoto anapiga chafya.

Mtoto mwenyewe, wa kike, hata mwezi alikuwa hajamaliza. Chumba chao ni cha mabati, na mchana bila feni hakikaliki. Ojok akaketi, akabandua vibanio vya kizimba cha feni kwa mpini wa kijiko, akachomoa mabawa. Yalikuwa yameota vumbi kama manyoya.

— Peleka kwa bomba, Sajenti akaamuru. Sisi jeshini, feni tulikuwa tunaosha pamoja na gari. Maji mingi!

— Ai, papa! Volti akapinga. Mota ikikunywa maji, inakufa. Mi nakuambia, afande: geuza hayo mabawa, nyuma iangalie mbele. Itakuwa inavuta vumbi, inatupa dirishani.

— Na jirani atavuta nini? Sajenti akauliza.

— Jirani na yeye anunue feni.

Ojok akacheka kidogo. Aliyatia mabawa kwenye karai, akayasugua taratibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayeosha miguu ya mtoto. Kelele za hawa wawili zilimpa nafuu. Nyumbani kulikuwa kimya. Mke wake Aciro hakuwa amegomba wala kununa. Alikuwa akingoja tu mumewe ampe mtoto jina, na yeye akawa anamwita "huyu". "Huyu amelala." "Huyu amenyonya." Ojok naye akamwita vivyo hivyo.

Binti yao wa kwanza, Ojok alikuwa amempa jina angali tumboni. Alikuwa akirudi kazini, anainama, anamwita. Mwaka jana walimzika kijijini pamoja na jina lake. Huyu wa sasa Ojok alimchotea maji, akamfulia nepi, akamshonea neti iliyotoboka. Lakini ndugu wakipiga simu kuuliza jina, aliwaambia kuwa yeye hasikii vizuri, mtandao mbaya.

— Shida si vumbi, Sajenti akaendelea, akipokea kikombe cha pili. Feni inachoka. Inazunguka mchana, inazunguka usiku, haina likizo. Hata askari inapewa likizo.

— Ile ni kweli, Volti akakubali, na macho yakamng'aa. Kwetu kulikuwa feni moja ilikataa kuzunguka. Fundi alikuja, hapana. Padri alikuja, hapana. Wakaigeuza iangalie ziwa, ikazunguka!

— Ilikuwa inataka kuona upepo mwenzake.

— Sawasawa, papa!

Ojok aliyafuta mabawa kwa kitambaa, akayaanika kwenye benchi. Mota hakuigusisha maji. Aliipiga brashi kavu, akadondoshea ekseli mafuta ya cherehani, akaizungusha kwa kidole mpaka ikawa laini.

Hapo akafika mwanamke mwenye kikombe chake mwenyewe. Alijitambulisha kuwa ni Zulaikha, amehamia asubuhi chumba kilichopakana na cha Ojok. Wakamsogezea nafasi.

— Basi wewe ndiye baba wa yule mtoto! Nimemsikia akilia, sauti nzuri, yenye nguvu. Anaitwa nani?

Volti akainamia sigiri. Sajenti Oola akafungua mdomo, akaufunga, akatazama ndani ya kikombe.

— Bado, Ojok akasema.

— Pole. Nilitaka tu kumsalimia kwa jina.

Akamnyoshea Volti kikombe chake. Ojok alirudisha mabawa, akabana kizimba, akaaga.

Nyumbani aliiweka feni juu ya sanduku, akaichomeka. Ikazunguka bila mlio, upepo ukawa safi. Aciro alifumba macho, jasho likimkauka shingoni. Mtoto hakupiga chafya. Alikunjua vidole, akavikunja. Ojok akainama karibu na sikio lake.

— Ayot, akamwambia.

Aciro akafumbua macho.

— Umesemaje?

— Ayot. Kama mama yangu.

Aciro alimtazama mtoto. Akajaribu jina lile kimoyomoyo, midomo tu ikicheza, kisha akalitamka kwa sauti, na mara ya pili sauti ikamkatika. Akajifuta uso kwa kanga, akanyanyuka.

— Basi mshike Ayot, nikaoge. Tangu asubuhi sijagusa maji.

Ojok akapangusa mikono kwenye suruali, akaipangusa tena, akamchukua.