Meseji Katikati ya Video ya Maktaba

Kijiwe chetu kiko Changamwe, kando ya barabara ya malori ya mafuta. Ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemea ukuta wa maktaba ndogo ya mtaa. Mimi Nyale ndiye niuzaye kahawa hapo. Wenye ubao ni watatu: mzee Ruwa, tunayemwita Breki kwa kuwa aliendesha lori miaka thelathini; Kioko, karani wa yadi ya makontena, mtu wa bara, tunayemwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui"; na Baya, fundi wa simu, ambaye kwetu ni Daktari. Jumatano alasiri akatutokea Dorcas, mkutubi, kakumbatia laptopu kama mtoto mwenye homa.

— Shikamoo, mzee Ruwa.

— Marahaba, mwanangu. Mbona uso hivyo?

— Nimetengeneza video ya kufundisha watu kutafuta vitabu kwa simu. Wakubwa wamesema wasomaji wasipoanza kuagiza mtandaoni kabla mwezi haujaisha, chumba chetu kitageuzwa stoo ya viti vibovu. Nataka mtu asiyejua kitu aitazame, aniambie kama ameelewa.

— Umefika, nikamwambia. Ninao watatu.

Kioko akasogeza kikombe.

— Umerekodi na nini?

— Programu ya mtandaoni, ya bure. Inachukua kila kinachotokea kwenye kioo, pamoja na sauti yangu. Ila inanipa dakika tano tu, halafu inakata. Mara ya kwanza ilinikata nikiwa bado nasalimia.

— Dakika tano za salamu? akauliza Baya.

— Nimelelewa Rabai, kwetu salamu hazikatwi. Mara ya pili lori likapiga honi, ya tatu nikapiga chafya. Hii ni ya nne.

— Dada, hakuna kitu free, akasema Kioko. Hiyo kitu inakurekodi hadi wewe mwenyewe, na kile unafikiria.

— Ndiyo maana wahenga wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Breki.

— Hapo inaingiaje, mzee?

— Inaingia taratibu.

Baya akashusha sauti.

— Na ule mshale unaotembea kwenye kioo, una mtu wake. Yuko mbali, ana zamu kama askari. Ukibonyeza, yeye ndiye anayekwenda kukutafutia.

— Basi huyo keshasoma vitabu vyote duniani, akasema Breki. Tumlete yeye, maktaba ya nini?

— Mshale nausogeza mimi, akasema Dorcas, akaiwasha video.

Sauti yake ilikuwa tulivu. Bonyeza hapa, andika jina la kitabu. Ilipofika dakika ya tatu, pembeni juu ya kioo ikachomoza meseji: "Kalama wa Kwaya: Jumapili vaa ile gauni ya kijani. Nitasimama upande wako."

Tukasogea karibu na kioo.

— Rudisha nyuma kidogo, akasema Breki. Pale kwenye kutafuta sijaelewa.

— Kutafuta kitabu?

— Ee, papo hapo. Upande wa juu.

Dorcas akatazama, akaweka mkono kinywani.

— Yesu wangu. Nimeiweka kwenye ukurasa wa maktaba na kuituma kwenye kundi la wasomaji tangu asubuhi.

— Watu wangapi?

— Mia mbili na kumi. Na mama yangu.

Kioko akasema programu imejiandikia yenyewe, hizi mashine siku hizi zinapenda watu. Baya akasema jambo dogo, ataifunika meseji kwa kisanduku cheusi. Akabonyezabonyeza, akatuonyesha. Kisanduku kilikuwa kimefunika mahali pa kuandika jina la kitabu. Kalama alionekana vizuri kuliko mwanzo.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Breki.

— Mzee, pumzika kidogo, nikamwambia.

Dorcas akakaa mwisho wa ubao. Nilimpa kahawa, akaishika bila kuinywa.

— Wiki tatu namwomba mtu mmoja tu aagize kitabu, akasema. Sasa watanicheka, na chumba kitachukuliwa.

Dorcas akafungua ukurasa wa maktaba, akitaka aiondoe video, kisha akatulia. Akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

— Wameagiza watu kumi na tisa.

Kwa maoni waliyoacha chini yake, walikuwa wameirudia dakika ya tatu mara nyingi mno hata njia ikawaingia. Mmoja aliuliza pia fundi aliyeishona gauni. Dorcas akacheka hadi akafuta macho, akainuka kwenda kurekodi upya, meseji zikiwa zimezimwa.

— Na hii ya zamani unaitoa leo? nikamwuliza.

— Kesho, akasema.

Alipoingia ndani, ubao wote ukawa walimu. Kioko alikuwa akimweleza Breki jinsi ya kuagiza, na Breki akimsahihisha, ndipo akasimama mbele yetu mama mmoja kajifunga leso, simu mkononi.

— Asalaam aleikum. Mimi Mwanasaumu, natoka Miritini. Nimeiona video, kitabu nimeshaagiza. Maktaba hufungwa saa ngapi?

Breki akamtazama Kioko. Kioko akamtazama Baya. Mimi nikainamia birika.

— Inategemea, akasema Kioko.

— Inategemea nini?

Kioko akanywa kikombe kisicho na kahawa.

— Kwani nyinyi hukaa hapa siku zote?

— Mwaka wa kumi na moja huu, akasema Breki.

Mama akatushukuru, akauzunguka ukuta. Tukamsikia akibisha. Ndani sauti ya Dorcas ilikuwa ikisema "bonyeza hapa". Ikakatika, kiti kikasogezwa, mlango ukafunguliwa.