Mwizi Aliyeanza Kuchechemea

Ndani ya gari la abiria aina ya Noah la kwenda Tarime, Bibi Wegesa alikaa nyuma ya Machage na Sadock. Wote watatu walikuwa mashahidi wa kesi ya Joel, jirani yao mwenye mguu mbovu, aliyeshtakiwa kuiba ng'ombe.

"Mimi sikumwona vizuri," alisema Machage. "Ulimwona, mura! Si alikuwa anachechemea?" Sadock akamdakia kijana mwenzake. "Ehee, umenikumbusha! Mguu wa kulia." "Wa kushoto." "Kushoto kabisa! Tena na koti jekundu." "Hilo koti hata mimi nilishalisahau!" Walikumbushana vizuri kuliko walivyoona.

Wegesa alijua mwizi alikimbia kama swala, akaruka ua wa miiba. Gari liliposimama Bomani, mbele ya mahakama, akafumba macho amwone tena. Mwizi akaruka vilevile, na koti lake jekundu, akatua, akaondoka anachechemea.