Isidore Etabo na Nyumba Zilizogeuzia Barabara Mugongo

Wewe unayeshika karatasi hii, haya zako ziko wapi? Tangu musumari wa mwisho upigwe kwenye mabati hapa Baraka, ulisema unaenda Uvira kidogo kutafuta chumvi. Hiyo chumvi unaichimba wewe mwenyewe? Leo umesikia kuna sherehe na nyama ya mbuzi, ndiyo unakumbuka njia. Basi kaa chini usome, maana mwenye sherehe unamujua jina tu.

Bwana Isidore Etabo, kapita, musimamizi wa ujenzi wa Leta, ndiyo serikali, upande wa Baraka, anapumzika kazi tarehe 31 Desemba 1957, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Bureau, ofisi ya Leta kule Fizi, iliomba muntu aliyefanya kazi naye aeleze maisha yake. Baliofanya kazi naye ni bengi. Aliyefanya kazi naye na tena kumupatia muke ni mimi peke yangu. Nilikuwa mukubwa wa bamama ba udongo, bale banaokanyaga udongo na kukandika kuta, na ni mi nilimuzaa Pulchérie, muke wake. Shuleni sikuingia hata kufagia. Mwalimu Bonaventure anaandika, mi ninasema, na mukono wake ukisimama mudomo wangu ungali unasema, nitajua kwamba ananipunguzia.

Jambo moja ulijue mapema: uso wa Isidore siujui. Kwetu mukwe na mama ya muke wake habaonani usoni, habali pamoja, habasimami njia moja. Yeye akitokea, mi ninageuka. Mi nikitokea, yeye anaingia hata katika miiba. Basi usiniulize kama pua yake ni ndefu. Niulize mugongo. Ule mugongo ninaujua kuliko shamba langu la muhogo: mupana, bega la kushoto limeshuka kwa kubeba mbao, na shati imetoka nje upande mumoja, hata Pulchérie aipige pasi namna gani.

Alianza kazi akiwa kijana, akivunja mawe ya barabara ya Uvira. Alijenga madaraja upande wa Swima na Mboko. Mvua imeyapiga mpaka imechoka, na malori yanapita juu yake hata leo. Akishika kamba na timazi hakuwa na rafiki. Ukuta ukipinda kidogo tu, chini! Siku moja alibomoa choo cha bureau yake mwenyewe, mukubwa wa bureau akiwa amesimama pale na gazeti mukononi akingoja kuingia.

Sasa utauliza kapita na mama mukwe banafanyaje kazi pamoja. Tulisemeshana kwa njia ya ukuta. Yeye anasimama upande wa kule, mi upande wa huku.

"We ukuta," anasema, "udongo wako wa leo uko na maji mengi."

"We ukuta," ninajibu, "umuambie huyo anayekusemesha kwamba maji alileta yeye."

"Ukuta, nimesikia. Lakini matofali yanachungulia kama meno ya muzee."

"Ukuta, muambie aje akandike yeye, na ile mikono yake ya kushika kamba!"

Bamama balicheka mpaka bakaanguka ndani ya udongo. Namna hiyo tulijenga mutaa muzima bila kuonana.

Mutaa wenyewe unajua ulitoka wapi. Ilikuwa masika ya 1953, muto uliposhuka na miti na mawe, ziwa nalo likapanda kuupokea, na sisi tuko katikati kama nyama ndani ya sambusa. Niliona kitanda changu kikipita mbele ya kanisa, kinaenda ziwani peke yake, hata kuniaga hakuna. Tukahamia katika hangari, gala ya kuweka pamba, familia juu ya familia, pamba ikituingia puani.

Leta ikatoa feza. Si feza ya kula, ni feza ya kusimama tena: nyumba za kudumu kule juu, mbali na maji, matofali na mabati, barabara katikati, na kisima. Lakini ilitoa nusu kwanza. Bwana Roger, Mubelgiji aliyelinda feza hiyo kama kuku analinda mayai, alisema wazi: nyumba za kwanza akizikuta na bantu ndani, nusu ya pili itakuja. Akizikuta tupu, feza inaenda pahali pengine penye shida. Nusu ya pili ilikuwa ya kumujengea rafiki yangu Kulthumu na benzake ba ufukoni. Bao balibaki katika hangari, na mavuno ya pamba yalikuwa yanakaribia. Pamba ikiingia, bao banatoka. Bataenda wapi?

Isidore ndiye aligawa nyumba za kwanza. Ana moyo mwema, na shida ilianzia palepale kwenye moyo mwema. Kule hangari alisikia kila siku babinti banalia: "Mi nataka karibu na mama! Nikizaa, nani atanipikia uji?" Akaona banasema haki. Akapanga mistari miwili, mama huku, binti kule, mulango unaangalia mulango, mutaa wote, umenyooka kama kamba yake. Alisahau kitu kimoja tu: binti analala na mume.

Na yeye mwenyewe alijipanga mbele yangu!

Asubuhi ya kwanza nilifungua mulango nianike muhogo. Yeye alifungua wake aende kazini. Mi nikajifunika uso na ungo, muhogo wote chini. Yeye akageuka mbio, akapiga kichwa kwenye fremu ya mulango aliyoifunga yeye mwenyewe, na aliifunga vizuri. Mutaa muzima ilikuwa vile. Banaume na ndevu zabo bakakaa ndani banachungulia tundu la ufunguo.

"Pulchérie, mama yako amekwenda?"

"Bado. Anatafuta jiwe."

"Jiwe gani tena?"

"La tatu la mafiga yake."

Raphaël, muvuvi, alijaribu dirisha la nyuma akakwama kiunoni, miguu ndani, kichwa nje. Mara mama mukwe wake huyo, anakuja kuchuma sombe, majani ya muhogo, palepale. Mama akajifunika uso na majani, Raphaël akajifunika na mikono. Kumuvuta haikuwezekana upesi, maana banaume bote benye nguvu balikuwa bamejifungia.

Utasema tubadilishane nyumba? Tulijaribu. Lakini mama akishapanga mafiga yake matatu na kupanda sombe, umuhamishe, utaona. Tuligombana mpaka mbwa bakatukimbia. Kidogo kidogo bantu bakaanza kurudi kule mutoni, kuishi chini ya majani juu ya matope. Nyumba nzuri zikabaki na panya.

Ndiyo habari ikafika kwamba Bwana Roger anakuja kuangalia. Kulthumu alinijia, hakukaa hata kwenye kiti.

"Anastasie," akasema, "ninyi munaoneana haya. Mi haya zenu batoto bangu batazilalia?"

Nilivuka barabara, nikasimama ubavuni mwa nyumba ya mukwe wangu, nikasemesha matofali. "We ukuta, kuna mama huko hangari. Pamba inakuja. Muambie aliyekujenga kwamba shida hii ni yake, na mi siondoki hapa."

Halafu nikasikia: puu! Puu! Isidore, muntu ambaye hakuvumilia tofali moja kupinda, alikuwa anapiga sururu kwenye ukuta wake mwenyewe wa nyuma, ule aliounyoosha kwa timazi. Alitoboa mulango nyuma, akahamisha fremu, na wa mbele akauziba kwa matofali yaleyale. Akakohoa. "Ukuta, ita bamama ba udongo. Tunafanya mustari muzima."

Tulikandika mpaka viganja vikatoka ngozi, na bakwe bakarudi nyumbani, mumoja mumoja, kupitia nyuma, banapiga miluzi.

Bwana Roger alipofika alikuta upande mumoja milango, upande wa pili ukuta mutupu. Nilikuwa nyuma ya ungo wangu, masikio nje.

"Mulango iko wapi?"

"Iko, Bwana."

"Iko wapi?"

"Nyuma."

"Mupango wangu unasema mbele."

"Bwana, samahani," Isidore akasema, "mama ya madame wako anakaa wapi?"

"Ulaya," Bwana Roger akasema. Akafikiri tena, sauti ikashuka. "Anakuja na meli mwezi wa sita."

Akazunguka nyuma. Akakuta moto, nguo zimeanikwa, batoto banapigana, Raphaël anakula bugali na roho nyeupe. Nyumba zilikuwa na bantu. Nusu ya pili ya feza ikatoka. Pamba ilipoingia katika hangari, Kulthumu alikuwa tayari chini ya mabati yake, analalamika kwamba mvua ina makelele. Na nyumba ya Bwana Roger kule Fizi, nenda uangalie: iko na mulango wa nyuma mupya. Aliyeupiga ni Isidore.

Tangu pale mutaa unaitwa Migongo. Bageni ba Uvira banakuja, banabisha ukuta, banaobaitikia ni kuku.

Sasa sikia ya mwisho. Kwetu mukwe anaweza kumutolea mama mukwe mbuzi na kitambaa, haya zikaisha, bakaonana. Mbuzi Isidore alikuwa nayo zamani. Alikuwa anakataa. "Kapita akionana na mama mukwe," alimuambia Pulchérie, "ni nani atabaki kapita?" Kwa hilo alikuwa na akili. Lakini leo ukapita umekwisha. Ile mbuzi unayosikia harufu yake ndiyo hiyo. Hotuba ikiisha nitashusha kitambaa usoni nimuangalie. Pulchérie miaka yote anasema bwana yake ni muzuri. Tutaona, ingawa kumurudisha tumeshachelewa. Na kazi yake ya kwanza kama mustaafu amekwisha kuipanga: kutoboa tena mulango wa mbele. Fremu iko tayari, timazi imetundikwa.

Isidore, mwana wangu, aksanti. Ulikosea kwa moyo, ukatengeneza kwa sururu, na kwa sababu yako hakuna aliyelala nje. Uzee wako uwe na jua la asubuhi, kiti kisichoyumba, na shati ndani ya suruali.

Na wewe wa Uvira: ukija tena kwa Isidore, usizunguke nyuma. Mulango itakuwa mbele. Bisha. Ukisikia kimya, vuka barabara uingie kwangu. Atakuwa anakula, na mi ninamuangalia. Na ulete ile chumvi.

Anastasie, mama ya Pulchérie, mukubwa wa bamama ba udongo