Dereva Aliyeusema Moshi wa Gari Lake

Baba padri, shemeji yangu Anastasia, wanangu Adelina na Ansbert, majirani wa Chanika, na nyie mliotoka Temeke na Kinondoni kuja kuubeba msiba huu pamoja nasi, mie ni Kasimiri Kornelio Chilumba, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenipa karatasi hii niisome kwa utulivu, nitaisoma yote, lakini utulivu sina.

Marehemu Gregori Kornelio Chilumba alizaliwa tarehe 12 Machi 1934 katika kijiji cha Lukuledi, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Kornelio Chilumba, mchongaji wa vinu na mipini, na mama Eufrazia, wote marehemu. Alianza darasa la kwanza hapo hapo Lukuledi mwaka 1943, akaendelea na shule ya kati huko Ndanda, akamaliza darasa la nane mwaka 1950, na walimu walitaka aende kusomea ualimu, ila baba yetu alifariki mwezi ule ule matokeo yalipotoka, wadogo tulikuwa watatu, hivyo kaka akapanda lori la korosho akaja Dar es Salaam, na mwalimu aliyekuwa ndani yake ikabidi asubiri miaka ishirini na mitatu.

Alifanya kazi ya utingo kuanzia mwaka 1951, akapata leseni tarehe 4 Juni 1957, na siku ya Uhuru, Desemba 1961, alibeba watu wa Temeke kwenda kwenye sherehe, safari sita, mpaka sauti ikamkauka kwa kuimba nao. Tarehe 1 Februari 1964 aliajiriwa kuendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Barabara ya Pugu, kiwanda ambacho familia imeniomba nisikitaje jina, nimekubali shingo upande. Alikuwa dereva mzuri, hakuwahi kugonga hata kuku, na Azimio la Arusha lilipokuja na kiwanda kikawa mali ya umma, aliliosha basi lile kila Jumamosi kwa mikono yake, akisema sasa anaosha mali yake na yetu.

Alifunga ndoa takatifu na Anastasia tarehe 14 Septemba 1963, kanisani Chang'ombe, wakaishi Tandika, na Mungu akawajalia watoto watatu, Adelina aliyezaliwa mwaka 1965, Ansbert mwaka 1967, na Albano aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1971. Hapa kwenye karatasi wameandika kwamba Albano alitangulia mbele ya haki, wakaweka nukta. Shemeji, naomba unisamehe, nukta hiyo naivuka, kwa sababu kaka mwenyewe hakuwahi kuiweka.

Basi la kiwanda lilikuwa linalala nyumbani kwa dereva. Kaka alikuwa analiegesha ubavuni mwa nyumba, karibu kabisa na ukuta, ili wezi wasichukue betri, na kila alfajiri saa kumi na moja alikuwa analiwasha, analiacha lingurume nusu saa nzima injini ipate moto, huku yeye ananawa, anakunywa chai, na bomba la moshi limeelekea dirisha la chumba walimolala watoto. Hakuna aliyemfundisha kwamba ni vibaya. Madereva wote walifanya hivyo, na siku zile tukiona moshi tulikuwa tunafurahi, tunasema nchi inajengwa.

Albano alianza kukohoa akiwa na miezi minane. Alipelekwa zahanati mara nyingi kiasi kwamba muuguzi, dada Tekla Kokuberwa, huyo aliyekaa pale karibu na mlango, alimjua kwa kikohozi chake kabla hajamwona uso. Mwezi Mei 1973 dada Tekla aliacha kuandika dawa, akamwuliza kaka swali moja.

"Baba Adelina, basi lako unaliwashia wapi asubuhi?"

"Nyumbani, ukutani kwangu."

Kesho yake alfajiri dada Tekla alikuja Tandika kwa miguu, akapangusa ukingo wa lile dirisha kwa pamba nyeupe, akamwekea kaka pamba ile kiganjani, nyeusi tii kwa masizi. Tangu siku hiyo basi lililala kiwanja cha mpira, mbali na nyumba za watu, lakini Albano alifariki tarehe 19 Juni 1973, akiwa na miaka miwili na miezi minne. Dada Tekla alimweleza kaka kwamba kifua cha mtoto kilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, kwamba hakuna awezaye kusema ni kitu kimoja kilichomwua, na kwamba moshi haukumsaidia, na kaka katika maneno hayo yote alisikia lile la mwisho tu.

Sasa yule mwalimu aliyekuwa ndani yake akaamka. Kaka alikwenda kwenye darasa la elimu ya watu wazima, akaomba asimame mbele dakika kumi, na tangu hapo hakukaa tena chini. Alizunguka kwa madereva wenzake, kwa mabalozi wa nyumba kumi, kwa akina mama wa zahanati, na kila mahali alianza kwa maneno yale yale, "Mie nilimvutisha mwanangu moshi miaka miwili, nikidhani nakwenda kazini." Aliwafundisha madereva kuzima injini wanapongoja abiria, akawaambia wenye magari kwamba mahali unapoweza kufika kwa miguu kwa nusu saa usiwashie gari, kwamba basi moja likibeba watu arobaini ni moshi mmoja, na watu arobaini kila mtu na gari lake ni moshi arobaini, na kwamba gari lina kazi yake, kazi ya kwanza ikiwa ni mgonjwa.

Serikali ilipozuia magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kwa sababu ya bei ya mafuta, watu wenye magari walinung'unika, kaka akapata darasa la bure. Alinunua marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, akakata vipande viwili sawasawa, akamwomba Mama Mwajabu, muuza vitumbua wa kando ya barabara, atundike kimoja pale mezani kwake Jumamosi mchana na kingine Jumapili mchana, kisha akaita watu waje kuviona pamoja, na cha Jumamosi kilikuwa kimeingia weusi kama tambara la jikoni. Mama Mwajabu alihamisha meza yake wiki ile ile. Wengine wengi mlicheka, mkamwita Bwana Kitambaa, na baadhi yenu nawaona hapa mmefunga vitambaa vyeusi mikononi.

Ijumaa tarehe 21 Oktoba 1977 kulikuwa na mkutano wa wafanyakazi pale kiwandani. Maofisa saba walikuwa wanakaa mtaa mmoja, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu, nao walikuwa wanakuja kwa magari saba, na magari hayo yalikuwa yanangurumishwa mlangoni, upande wa chumba walimoachwa watoto wachanga wa wafanyakazi wanawake. Madereva kumi na mmoja na makarani wanne tuliafikiana kwamba kaka aseme, nasi tusimame tumuunge mkono. Akasema, kwa heshima, akaomba maofisa wapande basi, au watembee, au angalau injini zizimwe.

"Moshi hauulizi cheo," alimaliza, "na wale watoto hawajaomba lifti."

Meneja akauliza nani mwingine mwenye wazo hilo. Ndugu waombolezaji, hakusimama mtu. Sisi tuliokaririshwa Mwongozo wa chama neno kwa neno, tulioimba kwamba mfanyakazi asionewe, tulibaki kwenye mabenchi yetu, na karani mmoja aliyekuwa benchi la tatu, ambaye alilipiwa ada na marehemu na kutafutiwa kazi hiyo na marehemu, alitazama viatu vyake mpaka mkutano ukafungwa. Karani huyo ndiye anayewasomea karatasi hii. Kaka aliachishwa kazi tarehe 3 Novemba 1977, kwa barua iliyosema amedhalilisha uongozi na kurudisha nyuma maendeleo, na barua hiyo niliipiga chapa mimi.

Akahamia hapa Chanika, akalima mihogo na mananasi, na hakunisema hata siku moja, ingawa ningeona nafuu kama angenisema. Jumapili mbili kila mwezi aliendesha baiskeli hadi Tandika na vipande vyake vya marekani, akaendelea kufundisha.

Alianza kuugua kifua mwaka 1981. Madaktari walimwambia kwamba mapafu yamechoka, kwamba miaka ishirini na sita ya kukaa juu ya injini imemlia taratibu. Jumanne tarehe 7 Agosti 1984 pumzi zilimbana, nikaenda kiwandani kuomba gari limpeleke hospitali, nikaambiwa magari yapo kazini, na nilipotoka nje niliyahesabu, matatu yamepumzika kivulini na la nne linapakia viti vya karamu ya Mbezi Beach. Huyu ndiye mtu aliyesema gari ni la mgonjwa kwanza. Jirani yake Mwinjuma alimweka nyuma ya baiskeli, vijana wakamshika huku na huku, wakamsukuma hadi barabarani, lori la mchanga likamsaidia, akafika hospitali saa kumi na mbili jioni. Alifariki Jumatano tarehe 8 Agosti, asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe.

Leo kiwanda kimepata magari. Yako sita hapo nje, na mawili yananguruma tangu nianze kusoma. Dereva, zima. Na wewe wa gari jeupe, zima.

Ahsante.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea bila kuuliza kwa nini amechelewa, inamshukuru dada Tekla Kokuberwa kwa ile pamba, Mama Mwajabu kwa meza yake, Mwinjuma na vijana wa Chanika kwa mabega yao, inawashukuru pia wafanyakazi wenzake wa zamani, kwa shukrani ile tunayostahili, nanyi mnaijua kiasi chake kama ninavyoijua mie. Kiwanda tunakishukuru kwa lori lililoletwa kubeba jeneza, nalo litabaki hapo lilipo. Makaburini ni mwendo wa dakika ishirini, tutambeba kwa zamu, nami nimeomba zamu ya kwanza, na wale madereva kumi na mmoja, mliobaki hai, nawaomba msimame sasa hivi, hapo mlipo, mje.

Kaka Gregori, sasa tumesimama, tumechelewa miaka saba, pumzika kwa amani.